Matuta Kumi na Mawili

Bakari, mkaguzi wa afya wa mji, alitumbukiza upawa wake wenye mpini mrefu ndani ya shimo, akachota maji polepole na kuyamimina katika bakuli jeupe. Kisha alichutama, akayatazama. Somoe alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo, kanga ameikaza kiunoni, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Hakujua bwana yule anatafuta nini, lakini hakupenda jinsi alivyonyamaza.

"Njoo uone mwenyewe, mama," Bakari alisema.

Ndani ya bakuli vidudu vyembamba vilikuwa vikijipinda na kujinyoosha, vikipanda juu na kushuka. Bakari alimweleza kwamba hivyo ni viluwiluwi vya mbu. Siku chache tu vingeota mabawa, vikaingia kwenye nyumba za watu na kuwatia homa. Aliyasema hayo bila ukali, kama mtu aliyekwisha kuyasema katika nyumba nyingi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji wa Mikindani, kaptula yake ya kaki imenyooka kwa pasi na soksi zimefika magotini.

Shimo lile alilichimba Somoe mwenyewe mwanzo wa mwezi wa Novemba. Maji ya kuogea na ya kufulia yaliteremka humo kwa kijifereji, naye aliyachota kwa kata akamwagilia viazi. Mwaka ule mvua ilinyesha siku mbili mwezi wa Desemba, ikakatika. Sasa ilikuwa katikati ya Januari, na mashambani marando ya viazi waliyopanda watu yalikuwa yamekaukia juu ya matuta. Nyuma ya nyumba ya Somoe, hapo Chuno, palikuwa na matuta kumi na mawili ya viazi vitamu yaliyofunikwa na majani mabichi tele, na kila aliyepita njiani aligeuza shingo kuyatazama.

Bakari alisimama, akapangusa upawa kwa kitambaa. Alisema shimo lifukiwe siku ile ile. Na viazi ving'olewe vyote katika muda wa siku saba, kwa sababu kanuni za mji zilikataza mtu kumwagilia mimea karibu na nyumba.

"Shimo nitalifukia sasa hivi, bwana, wewe ukiwa hapo hapo," Somoe alisema. "Lakini viazi vimekosa nini?"

"Viazi vyako ndivyo vilivyolileta shimo. Nikikuachia wewe, kesho kila mtu hapa Chuno atachimba lake."

"Bado majuma matatu vikomae. Ndicho chakula chetu. Hatuna kingine."

Bakari alitoa daftari. Aliuliza jina la mwenye nyumba, naye Somoe akamwambia kuwa ni Alawi Selemani. Aliliandika kwenye karatasi, akaichana, akampa. Karatasi ile ilisema kwamba siku ya nane, kama viazi vingekuwa bado ardhini, Alawi angeitwa barazani kwa hakimu. Somoe hakujua kusoma, kwa hiyo Bakari alimsomea mara mbili, na mara ya pili alimsomea polepole zaidi.

Alipokuwa akitoka, Bakari alieleza kilichomleta. Mtoto wa jirani, Issa, alikuwa amelazwa zahanati kwa homa kali tangu juzi, na kila alipougua mtoto walikuwa wakikagua nyumba zote za karibu. Somoe alitazama upande wa pili wa ua, kwenye nyumba ya Zainabu, mama yake Issa, mlango ukiwa umefungwa. Zainabu ndiye aliyekuwa akienda naye msituni kuchimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, wakigawana sawa sawa kila walichopata. Alichukua jembe akaanza kufukia. Alifukia upesi upesi, kama mtu anayeficha kitu, na alipomaliza alishindilia udongo kwa miguu mpaka nyayo zikamuuma.

*

Alawi alirudi adhuhuri. Alikuwa nyapara wa wapakuzi bandarini mpaka pale mradi wa serikali ya Kiingereza wa kulima karanga ulipovunjwa na kazi zikapunguzwa, na kwa miezi minane sasa alikuwa akivaa shati lake na viatu vyake kila asubuhi, anakwenda kusimama getini pamoja na watu aliokuwa akiwaamrisha. Siku nyingine alipata kibarua cha siku moja. Siku nyingi hakupata. Alipofika nyumbani alivua viatu, akavipangusa vumbi, akavitundika ukutani ili vidumu.

Somoe alimpa karatasi, akamweleza yote. Alawi aliisoma amesimama, akaikunja.

"Ving'olewe basi," alisema.

Somoe alifikiri hakusikia vizuri. Alimwuliza watakula nini. Alawi alijibu kwamba hajui, lakini kusimamishwa mbele ya hakimu kwa ajili ya viazi, watu wa bandarini wakiona, hilo hataliweza. Toka mwanzo hakuvipenda viazi vile. Mwanamume aliyejenga nyumba ya bati mjini, kisha nyuma ya nyumba yake pakawa kama shamba la bondeni. Aliona kila mpita njia anasoma humo habari zake.

Somoe hakubishana. Alikwenda kwenye tuta la kwanza, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya majani. Alifukua kwa vidole mpaka akakigusa kiazi. Kilikuwa chembamba, hakijazidi kidole gumba. Akajaribu la pili na la tatu, hali ni ile ile. Mbegu ile aliifuata mwenyewe Mahurunga, kwa dada yake Sharifa, kwenye bonde la Ruvuma ambako ardhi haikauki na marando hukaa mabichi kiangazi kizima. Alitembea siku mbili kwenda na mbili kurudi, mzigo ameuviringisha ndani ya majani ya mgomba na kuunyunyizia maji kila alipopumzika. Alitaka apande mapema, wakati wenzake bado wanangoja mvua, ili Januari, ghala zinapokuwa tupu, yeye awe na cha kuweka chunguni. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila haikuwa na Bakari ndani yake.

Chakula cha siku ile kilikuwa uji wa unga wa muhogo na matembele machache. Somoe alikuwa akichuma majani kwa kuyahesabu, kwani kiazi kikinyang'anywa majani hakinenepi. Alimpakulia Alawi, akampakulia binti yao Rehema aliyekuwa na miaka minne, akampakulia na mama mkwe wake, Mwanakombo, aliyekuwa amekaa kwenye jamvi akisuka ukili.

"Mimi nimefunga," Mwanakombo alisema. "Nitunzieni mpaka magharibi."

Alikuwa amefunga na jana, na juzi. Alisema ni sunna, na kwamba katika umri wake mtu hujiwekea akiba ya safari. Hakuna aliyemwuliza zaidi, kwa maana saumu ya mtu ni jambo lake na Mola wake.

*

Kulipopambazuka, Mwanakombo alianguka akienda kutawadha. Somoe alisikia birika likigonga jiwe. Alimkuta amelala ubavu karibu na kijifereji, macho yake wazi, akijaribu kujifunika miguu kwa kanga. Alawi alikuja mbio, akambeba mpaka kitandani. Baadaye alimwambia mkewe kwamba kilichomtisha si kuanguka kule, bali wepesi wake. Ni kama alinyanyua nguo.

Walimpa maji. Wakampa uji, akageuza uso, akasema yeye amefunga. Hapo Rehema, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kama leo bibi atampa tena uji wake wa magharibi.

Mwanakombo alifumba macho. Somoe alimchukua mtoto nje, akamwuliza kwa upole, na Rehema akaeleza bila kificho kwamba kila siku, wazee wakiwa kwenye sala, bibi humpa bakuli lake lote na kumwambia ale haraka. Yeye mwenyewe hunywa maji.

Somoe aliporudi ndani alimkuta Alawi amepiga magoti kando ya kitanda, ameushika mkono wa mama yake.

"Mama, kwa nini umetufanyia hivi?"

"Mimi nimekwisha kula sana katika maisha yangu," Mwanakombo alisema. "Nilimwona mkeo anakomba sufuria kwa kidole, kisha anasema ameshiba. Nikaona, kama yeye anaweza kusema uongo, hata mimi naweza."

Alawi alimtazama mkewe. Somoe aliinamisha kichwa. Wakati ule alitamani kuwa mahali pengine popote, kwa sababu hakuwa amejua kwamba kuna mtu aliyemwona.

Mwanakombo alikubali kunywa uji, vijiko sita. Alawi alimnywesha yeye mwenyewe, akimpangusa kidevu. Alipomaliza aliinuka, akachukua ile karatasi iliyokunjwa, akavaa shati lake. Somoe alimwuliza kama anakwenda getini.

"Nakwenda ofisini kwa bwana afya," alisema. "Twende wote. Wewe ndiye unayevijua viazi."

*

Ofisi ilikuwa na baraza nyembamba na benchi moja. Tarishi aliwaambia benchi ni la watu wenye miadi, kwa hiyo walisimama juani, karibu na ngazi. Karani alitoka mara mbili, mara zote mbili akawapita. Mara ya tatu alisimama, akamwuliza Alawi shida yake, na Alawi alipoeleza, karani aliwageukia wenzake waliokuwa ndani akawatangazia kwamba huyu bwana amevaa viatu vya ngozi kuja kuomba kwa ajili ya viazi. Wakacheka. Mmoja wao aliwahi kuandika majina ya vibarua bandarini, na Alawi alimjua, naye alimjua Alawi.

Somoe alimwona mumewe anakaza taya. Alijua kwamba siku nyingine yoyote angeondoka, na baadaye nyumbani asingesema neno mpaka kesho yake. Alikuwa tayari kumfuata. Lakini Alawi hakuondoka. Alingoja kicheko kikaisha.

"Ndiyo," alimwambia karani. "Ni viazi. Nitangoja."

Walingoja mpaka jua likawa kichwani. Bwana afya mkubwa, Mzungu mwenye uso uliobabuka kwa jua, alitoka akiwa na kofia mkononi, tayari kwenda kula. Alawi akapanda ngazi moja mbele yake, akamwamkia, akamnyoshea karatasi kwa mikono miwili. Yule Mzungu aliisoma, akasema kwa Kiswahili chake kilichokatika katika kwamba amri ni amri, na kwamba mbu wanaua watoto.

Alawi alisema hilo wanalijua. Mtoto wa jirani yao amelazwa. Shimo limekwisha kufukiwa, na asingethubutu kuomba lirudishwe. Anachoomba ni viazi vilivyokwisha kuwamo ardhini vipewe majuma matatu tu.

"Na maji? Utapata wapi maji?"

"Nitayabeba kutoka kisimani, bwana. Nitamwagia kila shina kwa kata, maji yanyonywe pale pale. Hakuna tone litakalotuama."

"Wewe utabeba?" Karani aliuliza kutoka mlangoni.

Mzungu alimgeukia Somoe, akamwuliza kwa nini havivuni sasa, akavila vidogo hivyo hivyo. Alikosea maneno, lakini Somoe alimwelewa. Alinyosha kidole gumba chake.

"Leo viko hivi, bwana. Nikivitoa leo, tutakula siku nne. Nikivitoa baada ya majuma matatu, tutakula miezi miwili. Mama mkwe wangu ameanguka asubuhi kwa njaa."

Hakuwa amepanga kusema habari ya Mwanakombo. Alipoisema mbele ya watu wale alihisi amemvua nguo mzee wa watu barazani. Yule Mzungu alitazama kofia yake, kisha akarudi ndani. Walisikia anamwita Bakari. Walizungumza Kiingereza kwa muda. Bakari ndiye aliyetoka, naye aliandika juu ya karatasi ile ile kwamba wamepewa majuma matatu, kwamba atakagua kila siku ya tatu, saa yoyote, na akikuta maji yaliyotuama, hata kwenye kifuu, ruhusa imekwisha.

Njiani walitembea, Alawi mbele na mkewe nyuma kidogo. Walipofika karibu na Chikongola, Alawi alisimama, akavua viatu, akavishika mkononi. Alisema vinambana.

*

Kisima chenye maji baridi kilikuwa bondeni, mwendo wa nusu saa kutoka Chuno. Cha Ufukoni kilikuwa karibu, lakini maji yake yalikuwa na chumvi na yangeua marando. Alawi aliazima madebe mawili na mti wa mzega, ule wa kubebea begani, debe moja mbele na moja nyuma. Kazi ya kubeba mzega mjini ilikuwa ya watu waliofika jana kutoka bara, wasio na ndugu wala pa kulala. Siku ya kwanza bega lilimchubuka, na nusu ya maji ilimwagika njiani kwa sababu hakujua kuupatanisha mwendo na mti. Siku ya pili Somoe alimshonea mto mdogo wa matambara wa kuweka begani. Siku ya tatu alikuwa ameijua kazi.

Alikwenda mara nne asubuhi na mara nne alasiri. Somoe alipokea madebe, akamwagilia shina moja moja, huku akishikilia majani kwa mkono wa kushoto ili maji yasipotee juu yake. Bakari alifika kama alivyosema. Alipita kati ya matuta, akainua majani kwa ncha ya upawa, akapindua vifuu na vigae, akachungulia ndani ya mtungi. Alikuta pakavu. Aliandika, akaondoka. Alipokuja mara ya pili alimkuta Alawi anatua mzigo, akamtazama bega, akasema mti wa mzega ukipakwa mafuta ya nazi hauchubui sana. Hayo tu.

Jambo alilokuwa akiliogopa Alawi lilimkuta siku ya tisa. Mohamedi, aliyekuwa chini yake katika genge la wapakuzi na sasa ana kazi ya kudumu, alikuwa amekaa na wenzake mbele ya duka la Chikongola. Alipomwona anapita na mzega, kwanza hakumtambua, akamwita kama wanavyoitwa wauza maji, alete debe moja hapa. Alawi alisimama. Akageuka, na Mohamedi akamwona uso.

"Samahani, nyapara," Mohamedi alisema. Aliinuka kutoka kwenye kiti.

"Haya si ya kuuza," Alawi alimwambia. "Ni ya viazi vyangu."

Wenzake Mohamedi walitazama chini. Mohamedi akauliza kama ni kweli viazi vimeota mjini mwaka huu usio na mvua. Alawi alimwambia aje aone. Kisha akaendelea na safari, madebe yakicheza taratibu mbele na nyuma, na alipofika nyumbani alimsimulia mkewe kisa chote. Somoe alishangaa, si kwa kisa, bali kwa kusimuliwa. Ilikuwa miezi mingi tangu Alawi amweleze jambo lililomtokea nje.

Siku ile ile Zainabu alirudi kutoka zahanati, akiwa amembeba Issa mgongoni. Homa ilikuwa imemwachia, ila miguu ilikuwa haijapata nguvu. Somoe alimwona akivuka ua. Kwa siku zote zile hakuwa amekwenda kumtazama mtoto. Aliogopa. Aliweka kata chini, akamwendea, na kabla hajaamkia akasema kwamba lile shimo lilikuwa lake, na kwamba kama angejua asingelichimba.

Zainabu alimtua mtoto jamvini. Alisema hata yeye alikuwa akiogopa kurudi. Kule zahanati walimwuliza anakaa wapi, naye akataja, na aliposikia viazi vya Somoe vitang'olewa alidhani Somoe atasema yeye ndiye aliyeshitaki.

"Hata kwangu walikuta vidudu," Zainabu alisema. "Ndani ya mtungi wangu wa kunywa, chini ya kitanda alicholala Issa. Hawakukuambia?"

Somoe alikaa chini. Wanawake wale wawili walitazamana, kisha Somoe akamchukua Issa akampakata, na Zainabu akaenda kuwasha moto.

*

Siku ya kumi na tano Somoe aliona tuta la nne limepasuka. Ufa ulianza shinani ukateremka ubavuni, mpana kiasi cha kuingiza kidole. Kufika alasiri ya kesho yake, matuta saba yalikuwa yamepasuka. Hakumwambia mtu. Siku ya kumi na nane, baada ya kumwagilia, alifukua kiazi kimoja cha tuta la nne bila kukata shina. Alikipangusa. Kilijaa mkono mzima, ngozi nyekundu, na kilikuwa na uzito wa kitu cha kweli.

Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba mlangoni. Siku hizi alikuwa anakula anachopewa, Alawi akimsimamia mpaka bakuli likawa tupu, lakini bado alikuwa hatembei mbali. Alinyosha mkono, akapewa kiazi. Aliomba kisu. Alikikata kati kwa kati, akakaa akiutazama utomvu unavyotoka kama maziwa. Wote walisimama kumzunguka: Alawi na mzega wake, Somoe, Zainabu aliyekuwa amekuja kuazima ungo. Kiazi kichanga, utomvu wake ukikauka hugeuka mweusi. Mwanakombo hakuwa na haraka. Alikisogeza kwenye mwanga.

"Mweupe," alisema. "Leta jembe."

Alawi alitaka kuchimba tuta zima, lakini mkewe alimzuia, akamwonyesha jinsi ya kutoa vikubwa na kuacha vidogo viendelee, kwani bado walikuwa na siku tatu za ruhusa. Alichimba amepiga magoti, bila shati, bega lake lenye kovu bichi likimetameta kwa jasho. Walitoa kapu moja, kisha la pili. Zainabu alijaziwa ungo aliokuja kuuazima, akakataa, akalazimishwa, akauchukua. Rehema alipanga viazi ukutani, vikubwa huku na vidogo kule, akisema na kila kimoja.

Bakari alifika katikati ya kazi ile. Ilikuwa siku yake ya kukagua. Alizunguka, akainama, akapindua kigae kimoja, akaona hakuna cha kuandika. Alisema atafunga habari ile kesho, na kwamba vilivyobaki wavitoe kwa nafasi yao kabla ya siku kwisha. Somoe alimwekea viazi vitano ndani ya kikapu. Bakari aliviangalia, akasema yeye haruhusiwi kupokea kitu kwenye nyumba anayoikagua. Alifika mpaka barabarani, kisha akarudi.

"Mama yangu Mikindani alipanda na mvua ya Desemba," alisema. "Yote yamekauka. Marando yako ukishavuna utayatupa?"

Somoe alimwambia aje siku ya Ijumaa na gunia. Marando si viazi, na hakuna kanuni aliyosomewa iliyoyataja. Bakari alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akaenda zake.

Walipika chungu kikubwa. Nazi haikuwapo, na samaki hakuwapo. Vilikuwa viazi vya kuchemsha tu, vimefunikwa na majani ya mgomba, mvuke wake ukijaa ua. Walikula mchana, mlango wazi, wote wanne kwenye jamvi moja. Alawi alikula akipumua kwa pua. Rehema alikula mpaka akalala na kipande mkononi. Mwanakombo alimenya kiazi chake polepole, akakikata vipande vidogo kwa sababu ya meno, akatafuna. Akamaliza. Akachukua cha pili. Alipofika nusu ya cha pili alikirudisha sahanini, akakunja uso.

"Somoe," alisema, "hivi hukutia chumvi kabisa?"

Alawi aliacha kutafuna. Somoe alimtazama mama mkwe wake. Miaka mitano walikuwa pamoja nyumba moja, na katika miaka hiyo hapakuwa na chungu alichopika kisitiwe kasoro na mzee huyu, mpaka njaa ilipoingia, naye akaacha kusema lolote juu ya chakula. Somoe alikuwa hajatambua kwamba ameacha.

"Nilitia kidogo, mama. Ngoja nikakuletee."

Aliinuka akaenda jikoni. Kopo la chumvi lilikuwa pale pale juu ya kichanja. Kabla ya kulichukua alikalia mbuzi ya kukunia nazi, akalia, machozi mengi yasiyo na kelele, mpaka yakaisha yenyewe. Kutoka nje alimsikia Mwanakombo anamwambia Alawi kwamba na viazi vyenyewe vimeiva mno. Somoe alijipangusa uso kwa pindo la kanga, akashusha kopo, akarudi jamvini.